Watoto wako kwa bibi yao Newala: niwe nawatumia unga wa lishe?

Swali: Shikamoo daktari. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka mitatu na nusu, wa kiume mwaka mmoja na miezi minne. Nimepata kazi ya dukani hapa Mtwara mjini, kwa hiyo wanalelewa na mama yangu kijijini, Newala. Mdogo nilimwachisha ziwa nilipoondoka. Juzi nimekwenda kuwaona nikakuta asubuhi uji wa muhogo, mchana ugali wa muhogo, jioni hivyohivyo, na mdogo amepungua. Chumba wanacholala ndicho ghala la chakula, na humohumo mjomba anaweka salfa yake ya mikorosho. Nikisema, mama ananijibu, "Hata wewe nilikulea hivihivi." Je, niwe nawatumia unga wa lishe na maziwa ya kopo? Na hiyo salfa ni sumu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mtu wa lishe, si daktari, ila salamu nimeipokea. Kwa kifupi, maana najua uko kazini: unga wa lishe wa dukani usihangaike nao, maziwa ya kopo ya watoto wachanga usinunue, na salfa itoke kwenye hicho chumba leo hii. Hela uliyotaka kutuma itume, lakini kwa vitu vingine kabisa, nitakutajia.

Nianze na muhogo. Sitaki uende kumwambia mama yako kwamba anawalisha watoto takataka, kwa sababu si kweli. Muhogo umelea kusini yote hii. Unashibisha na unatia nguvu. Kasoro yake ni kwamba ni wanga karibu mtupu. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini kama gramu 2 tu. Unga wa mahindi una kama 8, mtama kama 10, korosho kama 18, kunde kavu kama 23, na dagaa wakavu hufika hata 60. Tumbo la mtoto wa mwaka na miezi minne ni dogo. Likishajaa uji wa muhogo, hakuna pa kuweka kingine. Ndiyo maana unamkuta ametulia, halii njaa, na bado anapungua.

Tena angalia na uzito wa huo uji. Bibi wengi huupika mwepesi wakidhani mtoto atameza kwa urahisi. Chota kijiko, kiinamishe: uji ukichuruzika kama maji, mtoto anakunywa maji ya moto. Uji wa mtoto wa umri huo unatakiwa ukae kwenye kijiko, na mchana akae na wakubwa ale ugali laini kwa mboga iliyopondwa.

Kuna jambo jingine kuhusu muhogo ambalo ni zito kuliko hilo la protini. Muulize mama, kwa adabu, anatumia muhogo mtamu au mchungu, na makopa yake, yaani muhogo mkavu wa kusaga, anayatengenezaje. Muhogo mchungu una viini vinavyotoa sayanidi, ambayo ni sumu. Njia iliyozoeleka ya kuiondoa ni kumenya, kuloweka siku tatu hivi mpaka muhogo ulainike, kuanika ukauke vizuri, ndipo kutwanga. Lakini Newala maji ni ya shida, wewe unajua kuliko mimi, kwa hiyo nyumba nyingi zinamenya na kuanika tu. Kuanika peke yake kunapunguza sumu, hakuimalizi. Balaa lenyewe huja mwaka wa njaa. Ukame unazidisha sumu kwenye muhogo ukiwa bado shambani, na hapohapo watu wanakata njia: wanamenya, wanatwanga, wanaanika na kusonga siku hiyohiyo. Wilayani Masasi, ukame wa mwaka 1988 uliacha watu wameugua ghafla kwa muhogo ambao haukutengenezwa ukaiva. Ng'ambo ya mto Ruvuma, mkoani Nampula nchini Msumbiji, mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 walipata konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa kwa ghafla. Haiui, lakini haiponi, na inawapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa.

Sasa sikiliza kitu ambacho wengi hawakijui. Mwili una njia yake ya kuiondoa sayanidi, na kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayopatikana ndani ya protini tunayokula (siyo ile ya mjomba, tafadhali). Anayekula muhogo kwa samaki, yai au kunde anaweza kuiondoa. Anayekula muhogo kwa chumvi, siku baada ya siku, ndiye anayepooza. Kwa hiyo kitoweo kwenye sahani ya mwanao kinafanya kazi mbili kwa mpigo.

Kama mama hana maji ya kuloweka, mfundishe hii, iliyobuniwa na mtafiti wa Australia, J. Howard Bradbury, na wenzake. Anachukua unga wa kusonga siku hiyo, anautia maji kidogokidogo huku anachanganya mpaka wote ulowane. Anautandaza kwenye ungo au turubai safi, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja. Anauacha juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu inaondoka na hewa. Kisha anausonga siku hiyohiyo, asiuweke mpaka kesho kwa sababu umelowa. Maji yanayotumika ni kidogo tu, na ni yaleyale ambayo yangeingia kwenye ugali.

Kabla sijaacha muhogo: chumvi. Pwani yetu ina mashamba ya chumvi, na ile ya kupimiwa kwa kopo sokoni mara nyingi haina madini joto. Kwa mlaji wa muhogo hilo ni tatizo la ziada, kwa sababu mabaki ya sayanidi mwilini yanazuia madini joto yasifanye kazi yake, na upungufu wa madini joto unaathiri ubongo wa mtoto. Mnunulie mama chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ni bei ndogo kuliko vocha.

Tuje kwenye chungu. Kwa nini nimekukatalia unga wa lishe? Mwingi unaouzwa ni mchanganyiko wa nafaka nne au tano, soya na karanga, umesagwa pamoja. Nafaka tano hazimpi mtoto kitu kikubwa kuliko nafaka moja iliyopikwa vizuri, ni wanga juu ya wanga. Karanga na soya zikishasagwa na kukaa kwenye mfuko, mafuta yake yanachacha. Karanga ikiwa na ukungu, sumu kuvu imo humo na huioni kwa macho wala haitoki kwa kupika. Sisemi kila unga wa lishe ni mbaya. Nasema unalipia kitu ambacho mama yako anacho ndani, na chake ni kipya.

Hebu tutengeneze uji mmoja hapa. Bibi achemshe uji wa mtama au wa mahindi, au achanganye nusu mtama nusu muhogo kama mtama ni haba. Pembeni achukue korosho zilizobanguliwa, zilizokaangwa bila kuungua, azichague na kutupa zenye ukungu, azitwange kwenye kinu kidogo mpaka ziwe unga unaoshikana vidoleni kwa mafuta yake. Uji ukiiva, akiwa anakoroga, atie vijiko viwili vya chakula vya huo unga kwa bakuli la mtoto. Uji utabadilika rangi uwe kama wa maziwa na utanukia. Hakuna haja ya sukari ya kumwagia. Atwange za siku mbili tatu tu, zisikae zikachacha. Ufuta uliokaangwa unafanya kazi hiyohiyo. Kama ndiyo mara yake ya kwanza kula korosho au ufuta, aanze na kidogo na amwangalie.

Mchana, kabla mboga haijatiwa pilipili ya wakubwa, atoe ya mtoto. Kunde na mbaazi ziive mpaka zipondeke kwa kijiko, na kwa mtoto mdogo zichujwe maganda. Kisamvu kitwangwe sawasawa kisha kichemshwe sufuria ikiwa wazi, maana majani ya muhogo nayo yana sumu ileile. Kikiungwa kwa korosho au tui hakuna mboga inayokishinda. Dagaa watolewe mchanga, waoshwe chumvi, wakaushwe kwenye kikaango na kutwangwa na vichwa vyao. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye mboga ya mtoto kila siku, na hana mfupa wa kumkwama. Matunda ni ya msimu: embe, papai, na mabibo, yale matunda ya mkorosho. Watu wanayadharau mabibo kwa sababu yanaoza chini ya miti, lakini bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini C ndiyo inayomsaidia mtoto kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye kunde na majani. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, kwa hiyo asipewe na chakula. Ikiwezekana, asipewe kabisa.

Kwa kuwa mdogo hanyonyi, anahitaji kula mara nne hadi tano kwa siku, na katikati apate tunda au kipande cha kiazi. Ziwa lingemfaa hadi miaka miwili, ila limeshakatika na kazi ni kazi, tusilie nalo. Maziwa ya vichanga hana haja nayo, amepita mwaka. Akipata yai au samaki kila siku, mililita 200 mpaka 400 za maziwa yoyote ya ng'ombe au mbuzi yaliyochemshwa zinamtosha. Asipopata, mpandishe kati ya 300 na 500. Maziwa ya unga ya kawaida, yenye mafuta yake, yanafaa pia, yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa na anywe kwa kikombe, siyo chupa. Yale mazito ya kopo yenye sukari siyahesabu kuwa maziwa.

Yai ndiyo rahisi kuliko vyote, na najua linakokwenda: linauzwa. Kuku wa mama wanataga, mayai yanakusanywa, yanapelekwa dukani, yanarudi sabuni na mafuta ya taa. Fanya hivi: yanunue wewe. Mtumie mama hela ya mayai kwa simu kila wiki, kwa bei ya dukani, kwa makubaliano kwamba mayai hayo ni ya wajukuu. Sabuni yake ameipata, na yai limebaki nyumbani. Nimeona nyumba ambazo hotuba zangu zote za lishe hazikusaidia lakini mpango huu ulishika.

Haya, chumba. Uliuliza kama salfa ni sumu. Ile salfa ya unga ya kupulizia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, mtoto akilamba kidogo si kitu cha kumuua. Itamchoma macho, itamkereketa kifua, na mwenye pumu atapata tabu. Ninaiogopa chumbani kwa sababu nyingine mbili. Kwanza, inashika moto, na ikiungua inatoa moshi unaokaba pumzi. Chumba cha watoto waliolala, kibatari kimoja na mifuko ya salfa, ni mambo ambayo hayakai pamoja. Pili, ni unga. Imekaa kwenye mfuko kando ya mifuko mingine ya unga, na ikishakwisha, mfuko wake mzuri unaoshwa na kutiwa makopa. Mfuko wa dawa haurudi kuwa wa chakula hata ukioshwa mara saba.

Lakini salfa ni mdogo kwa wenzake. Muulize mjomba kama anatumia na dawa za shamba za maji. Hizo ndizo zinazoua, tena kwa kiasi kidogo, na mara nyingi mtu anazigawana na jirani kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anaijua chupa ya soda. Hasomi lebo. Chupa hiyohiyo utaikuta imetiwa mafuta ya taa, na msimu wa mabibo imetiwa uraka, pombe ya mabibo, na pombe kidogo tu inaweza kumshusha mtoto sukari mwilini mpaka azimie. Kanuni ninayowapa watu ni moja: chupa ya kinywaji haiwekwi kitu ambacho mtoto hawezi kunywa. Dawa za shambani zikae nje ya nyumba, kwenye banda au sanduku lenye kufuli, zikiwa kwenye vyombo vyake. Mjomba akirudi kupulizia avue nguo nje, aoge, ndipo ambebe mtoto.

Kama mama anatumia dawa za sukari au presha, uliza anaziweka wapi. Fundo la khanga siyo mahali. Kidonge kimoja cha baadhi ya dawa za kushusha sukari kinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kisima cha kuvunia maji ya mvua, kama kipo hapo uani, kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuusukuma. Bati lililoegeshwa siyo mfuniko. Ndoo nayo izingatie: mtoto anayejifunza kutembea anainama kuchungulia, kichwa chake ni kizito, anatumbukia, na maji ya kina kifupi tu yanatosha. Mafigani sina la kukuambia usilolijua, ila sufuria ya uji isiwekwe chini kupoa mahali anapopita. Na korosho nzima na karanga nzima, hata kwa huyo dada yake, bado; ziwe zimetwangwa mpaka afike miaka mitano. Msimu wa kukaanga korosho za maganda watoto wakae upande upepo unakotokea, mbali, kwa sababu mafuta ya lile ganda yanababua midomo na mikono, na moshi wake unachoma macho.

Likitokea la kutokea, mama yako akumbuke haya. Amekunywa mafuta ya taa au dawa: asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya kula kwa nguvu, apelekwe hospitali mbio na chombo alichonywea kibebwe. Mafuta ya taa yanaua yakiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyaingiza. Ameungua: maji safi ya kawaida yatiririke juu ya kidonda dakika 20, siyo dawa ya meno, siyo asali, siyo yai. Najua maji ni ya kununua, hapo yatumike. Ya kunawia watu wazima yatapatikana kesho. Amepaliwa na hawezi kulia wala kukohoa: ainamishwe, apigwe mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kiganja, ikishindikana, kwa mtoto aliyepita mwaka, amkumbatie kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, asukume ndani na juu mara tano, arudie hivyo kwa zamu. Asiingize kidole kutafuta asichokiona. Na kama amemeza betri ndogo ya duara, ile ya tochi za kuchezea, asisubiri itoke chooni: ndani ya saa mbili inaweza kuanza kutoboa koo.

Limebaki la mama mwenyewe. "Hata wewe nilikulea hivihivi" ni neno la mtu aliyesikia lawama. Ukimjibu kwa simu utagombana naye na watoto watabaki palepale. Nenda siku ya mapumziko, kaa naye jikoni, mwambie akufundishe makopa tangu mwanzo. Akikueleza utajua analoweka siku ngapi bila kumhoji. Halafu pika wewe ule uji wa korosho na yeye aonje. Suala la salfa usimwambie yeye, mwambie mjomba, tena ukiwa umembebea kufuli na ndoo kubwa mbili zenye mifuniko, moja ya unga na moja ya kunde. Ndipo hela yako ya unga wa lishe iende: kufuli, ndoo, chumvi, na mayai ya kila wiki. Usikute inabaki.

Na kuhusu huyo aliyepungua, usinisubiri mimi. Wiki hii apelekwe kituo cha afya na kadi yake ya kliniki, apimwe uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Mkono ukiwa chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa. Chini ya 11.5, au miguu yote miwili ikivimba na kubonyea, ni wa kutibiwa siku hiyohiyo. Waangalie pia kama alipata matone ya vitamini A mwezi wa sita au wa kumi na mbili, na dawa ya minyoo. Majibu yakitoka, niandikie ukiweka tarehe yake ya kuzaliwa na uzito wa miezi mitatu ya nyuma kama upo kwenye kadi.